Propela ya SpitFire ya mapanga manne kwenye boti ya pontuni: tazama pichi kwanza

Boti nyingi za pontuni (sakafu bapa juu ya mabomba yanayoelea) zinazozunguka maziwa ya Marekani hutoka dukani na propela ya alumini ya mapanga matatu, kama Black Max ya kampuni ya Mercury. Inasukuma, lakini kwa boti pana inayobeba familia nzima na jokofu la vinywaji juu yake, si propela ya kuridhika nayo. Ukikata kona, inavuta hewa: injini inapiga kelele, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zinapanda, boti haiendi. Ukirudi nyuma gatini kukiwa na upepo wa ubavu, ndiyo kabisa.

SpitFire, pia ya Mercury na pia ya alumini, ina mapanga manne, na tofauti utaiona hapo hapo. Kwenye kona inashika maji, kwa mwendo wa polepole boti inatii sukani, na ukirudi nyuma inavuta kwa uhakika. Gharama yake ni maili moja au mbili za kasi ya juu. Kwa pontuni ya mabomba mawili, sioni hasara hapo.

Wengi wanakosea kwenye namba ya pili kati ya zile zilizopigwa kwenye propela. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Ukipunguza pichi kwa inchi moja, RPM hupanda kati ya 150 na 200. Ukitoka mapanga matatu kwenda manne kwa pichi ile ile, hushuka karibu 100.

Tuchukue boti ya futi 22, mabomba mawili, injini ya Mercury ya nguvu farasi 115, toleo la Command Thrust lenye sanduku kubwa la gia. Kiwanda kinataka injini hiyo ikifunguliwa yote izunguke kati ya 5,000 na 6,000. Pakia watu na mafuta kama siku ya kawaida ya matembezi, sukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, inua injini kidogo kidogo hadi kasi iache kupanda, kisha soma RPM. Fanya hivyo kwenda na kurudi, upepo usikudanganye. Tuseme propela ya zamani, mapanga matatu pichi 15, inatoa 5,200. Imo ndani ya kipimo, ila injini inaelemewa. SpitFire ya pichi 13 itakupeleka karibu 5,500 na mzigo huo huo, na mkiwa wawili tu itakaribia 5,800. Muuzaji akikushawishi uchukue 11 kwa sababu "ina nguvu zaidi", kataa: boti ikiwa tupu utagonga kizuizi cha mizunguko, na injini itaanza kukatakata.

Hesabu ya kuhakiki ni hii: RPM mara pichi, kisha gawa kwa zao la uwiano wa gia na 1,056 (namba inayogeuza inchi kwa dakika kuwa maili kwa saa). Kwa 5,500, pichi 13 na gia ya 2.38 unapata maili 28 na ushei kwa saa. Kama GPS inasoma 21 au 22, mtelezo, yaani sehemu ya mwendo inayopotea majini, ni kama robo, kawaida kwa pontuni. Ukizidi theluthi, kagua kama injini imefungwa juu mno au mabomba yameota mwani kabla ya kulaumu propela.

Mwinuko nao una lake. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Anayepeleka injini hiyo hiyo Naivasha, karibu mita 1,890 (futi 6,200) juu ya bahari, amepoteza kama asilimia 18 kabla hajapakia mtu; huko pichi 11 si kosa.

Udhaifu wa SpitFire ni ule wa alumini yoyote. Mawe na mchanga huipinda, na kwenye injini kubwa mapanga hunesa. Pontuni ya mabomba matatu yenye injini ya nguvu farasi 150 kwenda juu naipendekezea chuma cha pua, japo bei ni mara mbili au tatu.

Kuifunga hakuhitaji fundi. Toa ufunguo, weka gia katikati, paka grisi ya baharini kwenye meno ya shafti, tia washa ya mbele, habu (kitovu cha propela), propela, washa ya kufungia, kisha nati. Kabari ya mbao kati ya panga na bamba la juu itazuia isizunguke ukikaza hadi Nm 75, halafu kunja masikio ya washa hiyo ya kufungia. Kaza tena baada ya matembezi ya kwanza. Na kila unapoitoa, tazama nyuma yake kama kuna mshipi wa kuvulia: ukijizungusha kwenye shafti hukata sili, maji yakaingia kwenye gia, na oili ikitoka nyeupe kama maziwa ujue umechelewa.