Mafunzo ya kompyuta kwa watafiti hapa Malindi: uzoefu wangu

Mimi hutafiti uvuvi mdogo wa pwani. Data yangu hutoka kwenye madaftari ya makarani wa madiko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki: jina la samaki, uzito, chombo, zana, tarehe. Niliposikia kuwa mafunzo ya siku kadhaa yanakuja Malindi, kwa masomo ya The Carpentries, jumuiya inayofundisha watafiti stadi za kompyuta na data, nilijiandikisha mara moja. Nawaandikia wenzangu wanaofikiria kujiunga na awamu ijayo.

Mkufunzi hasomi slaidi. Anaandika amri moja moja kwenye skrini kubwa, nawe unaandika pamoja naye kwenye kompyuta yako. Kila mtu hupewa karatasi za kunata za rangi mbili: ukikwama unabandika hii na msaidizi anakujia, ukimaliza zoezi unabandika ile. Kando yangu alikaa mama mmoja, afisa wa uvuvi wa miaka mingi, aliyekuwa hajawahi kuandika amri hata moja. Hakuachwa nyuma.

Tulianza na majedwali. Wapo walionung'unika kwamba hayo ni ya watoto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Chukua tarehe iliyoandikwa 3/4. Karani amekusudia tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyowekewa mtindo wa Marekani inaisoma Machi nne. Machi bado ni kaskazi, Aprili kusi inaanza. Mtu anayelinganisha samaki wa misimu hiyo miwili ameshapotea kabla hajapiga hesabu. Dawa tuliyofundishwa ni kuweka siku, mwezi na mwaka katika safu tatu tofauti.

Kisha tukaingia OpenRefine, programu ya kusafisha data, na hapa ndipo nilipofaidi zaidi. Mazoezi yalitumia data ya SAFI, utafiti wa kaya za wakulima wa Tanzania na Msumbiji, lakini jioni niliingiza faili yangu. Programu inakuorodheshea kila jina lililomo kwenye safu na idadi yake. Nikaona "Tafi", "tafi" yenye nafasi mwishoni, "TAFI" na "tafi." zikihesabiwa kama samaki wanne! Ukiiagiza itafute yanayofanana, inapuuza herufi kubwa, nafasi za ziada na alama, halafu inakuuliza kama uyaunganishe. Kuuliza huko ni muhimu. Ukiilegezea masharti inaweza kukupendekezea uunganishe nguru na nguva, maana zinapishana herufi mbili tu, na kompyuta haijui kwamba mmoja ni samaki wa sokoni na mwingine ni mnyama anayelindwa. Anayejua ni wewe. Kila hatua inahifadhiwa, unaweza kurudi nyuma, na faili ya asili haiguswi. Halafu inafanya kazi kwenye kompyuta yako yenyewe, bila bando.

R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, tulijifunza vizuri kiasi cha kuchora grafu na kuelewa tulichochora. Ni ya bure, na kwa mwanafunzi asiyeweza kulipia leseni kila mwaka hilo si jambo dogo. Tatizo lilikuwa vifurushi vyake, yaani nyongeza zinazoipa R uwezo zaidi: intaneti ya ukumbini ilikuwa nzito na watu zaidi ya ishirini walikuwa wakipakua kwa pamoja, kwa hiyo asubuhi nzima ikaenda. Waandaaji wangevileta kwenye fleshi.

Git nayo, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako, ilibanwa mchana wa mwisho. Hiyo ndiyo ingetuokoa na folda zilizojaa "ripoti_mwisho", "ripoti_mwisho2" na "ripoti_mwisho_kabisa", lakini wengi walitoka wakiwa wamenakili amri bila kujua zinafanya nini. Inastahili siku yake.

Pamoja na hayo, nayapendekeza kwa moyo wote, hasa kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye bado hajaanza kukusanya data, kwa sababu fomu mbovu ya dikoni haitengenezeki ofisini. Weka R na OpenRefine kwenye kompyuta yako ukiwa nyumbani, kabla ya siku ya kwanza. Na nenda na data yako mwenyewe, hata kama ni chafu. Tena hiyo chafu ndiyo hasa ya kwenda nayo.