Darasa la kuchora kwa Tingatinga Oysterbay: utaambiwa ukweli

Wadau mnaochora, hii ni rivyu ya darasa la kuchora kwa Tingatinga, ule ushirika wa wachoraji wa picha za wanyama zenye rangi kali, pale Oysterbay, Dar, karibu na Morogoro Stores. Wengi tunapajua kama sehemu ya kununua picha, mgeni akija unampeleka achague twiga wake basi, ila wanafundisha pia na mi naandika kuhusu hilo la kufundisha tu maana ndo lililonigusa.

Kiukweli unacholipia pale sio rangi wala kanvasi, unalipia fundi akae pembeni yako aangalie mkono wako unavyokwenda halafu akwambie bila kuzungusha maneno. Mimi nilikaa na mzee mmoja mkimya sana. Nikachora chui wangu juu ya njano iliyokolea, naona kapendeza, mzee akaangalia wee akasema, "Dada, chui wako kamezwa. Hebu simama kule mlangoni umtafute." Nimefika mlangoni nageuka, chui simuoni, naona madoa meusi tu yanaelea kwenye njano! Na hakuishia hapo, kumwambia mtu picha yako mbaya hata mpita njia anaweza, yeye alichukua kipande cha hadibodi akanionyesha njano inavyopaushwa taratibu kuelekea juu ili mgongo wa mnyama utokeze, mwili unaachwa ukauke kwanza ndo yaje madoa, na ule mstari wa pembeni unauvuta mara moja bila kusimama simama. Rangi zao ni zile za mafuta zinazong'aa, kama za kupaka milango, ukiwa na haraka ukapaka juu ya mbichi zinavurugana zinakuwa tope. Nikarudia mgongo wote yeye kasimama nyuma yangu haongei. Nilipofika kwenye mkia akasema, "Haya, huu sasa mkia." Jamani nilifurahi, na nilimwamini kwa sababu muda mfupi nyuma alishaniambia chui kamezwa.

Mitandaoni ukiposti picha unaambiwa kali sana, moto, hongera, na nawashukuru wote wanaoniandikia hivyo, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia wanyama wangu wanapotelea kwenye rangi ya nyuma. Na kuna mwalimu mwingine huko nyuma, simtaji, kila nikikwama alikuwa ananyang'anya brashi anamalizia mwenyewe, narudi home na picha nzuri lakini ukiniuliza imekuwaje nzuri sina jibu. Huyu mzee brashi yangu hakuigusa kabisa.

Nadhani ni kwa sababu wenyewe wamelelewa hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu, alianza kuchora mwaka 1968, na 1972 polisi wakampiga risasi akafariki, yaani ni kama miaka minne tu basi. Angekuwa anajifungia kuchora peke yake stori ingeishia hapo hapo. Lakini alikuwa kashawakalisha ndugu zake na vijana wachache, kina January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia, wakamwangalia wakajifunza, nao wakafundisha wengine, ushirika ukaja kuanzishwa 1990, na leo unakaa na mtu ambaye fundi wake alifundishwa na fundi aliyefundishwa na wale. Mi kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Kuna watu wanaogopa kwamba ukikaa na fundi utaishia kuiga tu. Nilimuuliza mzee, akasema iga kwanza mpaka mkono utulie, mnyama wako mwenyewe atakuja. Nakubaliana naye kwa kiasi, ila nakushauri nenda na mchoro wako mwenyewe umwonyeshe pia, maana hapo ndo utamsikia akisema mambo ambayo kwenye twiga na tembo wa kila siku hayajitokezi. Kama unatafuta rangi za maji au kuchora sura ya mtu ifanane naye kabisa, hiyo sio fani ya pale, tafuta sehemu nyingine.

Nenda asubuhi, ulizia bei na muda kabla hujakaa, vaa nguo ambayo hata ikichafuka huumii maana ile rangi kwa sabuni haitoki. Halafu fundi akishakuzoea mwambie kabisa, "Fundi, naomba uniambie palipokosewa." Mimi nilimwambia hivyo, ndo akanipeleka mlangoni.