Mwanasaikolojia wa kazini kwetu, Lubumbashi: nyota tatu kati ya tano

Kampuni yetu ya sutretansi, yaani inayofanyia migodi kazi kwa mkataba (jina silitaji, ndiko ninakokula), imeleta mwanasaikolojia wa kusikiliza wafanyakazi kila Alhamisi. Ni bure, na saa hiyo hukatwi kwenye mshahara.

Mama mwenyewe ni nyota tano. "Karibu papa, shikala (kaa)," kisha anazima simu na kukuacha useme. Nilimwambia mwisho wa mkataba ukikaribia silali. Tunapewa miezi mitatu mitatu, na tangu serikali isimamishe uuzaji wa madini ya kobalti nje Februari 2025, halafu ikaweka mgao wa kiasi cha kuuza kuanzia Oktoba, shefu akiitisha mkutano tu tumbo linanikata. Hakunihubiria habari za kuvuta pumzi. Aliuliza: "Kazini, nani anajua kama haulali?" Nikakosa jibu. Tena akanituma kwa mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi), kwa kuwa Kanuni ya Kazi ya 2002 hairuhusu mkataba wa muda maalumu upite miaka 2, wala, ukiondoa kazi chache, urudiwe zaidi ya mara moja. Mtu wa mambo ya kichwa anayejua sheria ya kazi, wapi utampata?

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya mlango. Chumba chake kinatazamana na ofisi ile ile inayobandika orodha ya waliorefushiwa mkataba, na kabla ya kuingia unaandika jina na namba ya beji kwenye daftari la mlinzi. Wiki ya orodha benchi linabaki tupu, na ndiyo wiki watu wanaumwa zaidi. Ukutani wamebandika tangazo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Sawa, lakini daftari liko pale pale. Huku Katanga, ambako Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliachisha zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuanzia 2003, watu hawaandiki majina yao ovyo.

Kwa hiyo wengi wetu tunasemea kwenye likelemba, mchango wetu wa pesa wa kupokezana kwa zamu, siku ya mshahara, juu ya bukari (ugali) na samaki wa tomson (pilipili ya pale, mama yangu!). Asiyerefushiwa mkataba anapewa zamu ya kwanza. Inasaidia kodi ya mwezi. Usingizi ni habari nyingine.

Nimeomba huduma ihamie dispensari. Kule kila mtu anaingia na malaria yake, na hakuna wa kukuuliza.