Kadi ya mtandao kwa bakapu za mashine pepe: ipi ununue, na wapi haitakusaidia

Kabla hujatoa hela, fanya hesabu moja. Kadi ya gigabiti 1 ikifanya kazi vizuri hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika, ikiandika mfululizo, hufika megabaiti 150 hadi 250. SSD (diski isiyozunguka) inayotumia waya wa SATA hugota karibu na 550. Kadi ya gigabiti 10 hupitisha kama 1,100. Zipange namba hizo kuanzia diski ya seva inayobeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja) mpaka diski inayopokea bakapu. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo kasi utakayoipata, hata ukinunua kadi ya bei gani.

Hili nililielewa baada ya fedha ya mteja kwenda. Alikuwa na seva mbili za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) na mashine ya tatu ya kupokea bakapu. Bakapu kamili ya terabaiti 2 ilikuwa inachukua saa tano, nami nikamshauri aweke kadi za gigabiti 10 pande zote. Kwa hesabu ya mtandao peke yake, kazi hiyo ingeisha kwa nusu saa. Usiku wa kwanza ilichukua saa tatu na ushei. Nikafungua iostat, amri inayoonyesha kazi ya diski, kwenye mashine ya kupokea: diski zote mbili, moja ikiwa kioo cha nyingine, zilikuwa zimefika asilimia 100, na uandishi umeganda kwenye megabaiti 180 kwa sekunde. Kadi mpya ilikuwa inatumia chini ya moja ya tano ya uwezo wake. Kadi ya gigabiti 2.5, ambayo hupitisha kama 280, ingempa muda uleule kwa fedha kidogo sana.

Kwa hiyo pima kwanza. iperf3 kati ya mashine mbili itakuonyesha mtandao peke yake, fio itakuonyesha diski, na amri ya proxmox-backup-client benchmark itakuonyesha kama kichakataji kinaweza kubana na kusimba data kwa kasi unayoitaka. Wanaotumia Veeam, programu nyingine ya bakapu, wamerahisishiwa: ripoti ya kila kazi hutaja palipobana, yaani Source, Proxy, Network au Target. Kama Network si kubwa kuliko wenzake, fedha yako iende kwenye diski.

Bakapu ya kila usiku mara nyingi haihitaji kadi mpya. Kwa Proxmox Backup Server au Veeam, baada ya ile ya kwanza, hutumwa mabadiliko tu. Gigabaiti 40 kwenye gigabiti 1 ni dakika sita. Kwenye Proxmox, ukiizima mashine pepe na kuiwasha tena, ile ramani ya vipande vilivyobadilika hupotea, na usiku huo diski nzima husomwa upya. Muda unarefuka na watu wanalaumu mtandao, wakati kinachopita kwenye waya bado ni kidogo. Ikiwa bakapu inakwenda nje ya ofisi kwa intaneti ya megabiti 100, kikomo chako ni megabaiti 12 na nusu kwa sekunde. Wala usihangaike kubadilisha kadi iliyo ndani ya mashine pepe: bakapu inayofanywa na seva mama haipiti huko.

Mahali kadi inapolipa ni kwenye kurejesha. Hapa ningependa kila mnunuzi atulie, kwa sababu wengi hununua wakifikiria usiku wa bakapu, si asubuhi ya ajali. Mashine pepe ya hesabu yenye gigabaiti 500 ikiharibika saa mbili asubuhi, kuirudisha kwa gigabiti 1 ni saa moja na robo, wahasibu wamekaa na wateja wako foleni. Kwa gigabiti 10, kukiwa na SSD pande zote mbili, ni kama dakika 15. Kwenye kurejesha hakuna cha mabadiliko tu. Mzigo wote unapita.

Faida ya pili haizungumzwi sana. Wakati Proxmox inachukua bakapu, mashine pepe ikitaka kuandika juu ya kipande ambacho hakijanakiliwa, kile cha zamani lazima kitumwe kwanza ndipo uandishi uendelee. Njia ya kwenda kwenye bakapu ikiwa nyembamba, programu ya mtumiaji inakwama usiku wa manane na hakuna anayejua kwa nini. Toleo la 8.2 la mwaka 2024 lilileta njia ya kuweka vipande hivyo kwenye diski ya karibu kwa muda, ila njia pana nayo hupunguza tatizo.

Sasa upangaji wangu.

Nafasi ya kwanza naipa kadi ya mtumba ya gigabiti 10 yenye tundu la SFP+ (la kuchomeka moduli au kebo maalumu), ikiunganishwa na kebo ya DAC (kebo fupi ya shaba yenye vichwa vya SFP+) moja kwa moja kutoka seva hadi mashine ya bakapu, bila swichi. Intel X520 ndiyo ninayoianza nayo. Mellanox ConnectX-4 Lx ni bora zaidi ukiipata kwa bei nzuri, maana inapokea gigabiti 10 leo na 25 baadaye. ConnectX-3 ni rahisi na kwenye Linux inakwenda, lakini ESXi 8, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, imeiacha, kwa hiyo watu wa VMware waipite. Angalia mambo matatu dukani. Kadi bandia za Intel ni nyingi, hivyo nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. X520 hukataa moduli isiyoitambua mpaka umeweka allow_unsupported_sfp kwenye dereva, yaani programu inayoendesha kadi. Na kadi hizi zilitengenezwa kwa upepo wa seva. Kwenye kompyuta ya kawaida ziwekee feni, zinachemka.

Ya pili ni gigabiti 2.5, na kwa ofisi yenye diski za kuzunguka ndiyo ningeipa ya kwanza. Kebo zako za Cat5e zinatosha mpaka mita 100. Realtek RTL8125 inafanya kazi kwenye Proxmox, lakini ESXi haiji na dereva wake.

Ya tatu ni gigabiti 10 ya kebo ya shaba, kama Intel X550. Inafaa kama seva ziko vyumba tofauti na ukutani tayari kuna Cat6A. Cat6 ya kawaida itegemee hadi mita 55 tu.

Kuunganisha tundu mbili za gigabiti 1 ni bure, ila mtiririko mmoja hufuata tundu moja. Seva tatu zikituma kwa pamoja utaona faida. Moja ikirejesha mashine moja, hutaiona. Gigabiti 25 iache mpaka uwe na NVMe (SSD za kasi kuliko za SATA) pande zote na seva kadhaa zinazotuma kwa wakati mmoja.

Ukishafunga, angalia kadi imekaa tundu gani la PCIe. X520 kwenye tundu la x4 inatosha kwa mlango mmoja. Kwenye x1 haivuki megabaiti 500. Zipe kadi mbili zilizo kwenye ncha za kebo ya DAC anwani zao, tuseme 10.10.10.1 na 10.10.10.2, kisha kwenye Proxmox badilisha anwani ya hifadhi ya bakapu iwe hiyo mpya. Usipobadilisha, data itaendelea kupita kadi ya zamani. Endesha ethtool uone 10000Mb/s, anzisha bakapu moja, na utazame kwa ip -s link hesabu ya baiti inapanda upande gani.