Miezi 18 na Proton: Nilivyosaka Chanzo cha Kwikwi Katika Michezo ya Windows Kwenye Linux

Kwa mwaka mmoja na nusu, programu ya Proton imekuwa njia yangu pekee ya kucheza michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi moja ya grafiki na isiyo na mfumo mwingine ila Linux. Sitazungumzia kama michezo inawaka au haiwaki, kwa sababu mingi niliyo nayo iliwaka tangu siku ya kwanza. Ninachotaka kueleza ni yale yanayofuata, pale mchezo unapowaka vizuri kisha ukaenda kwa kuchechemea, na mchezaji asijue lawama azielekeze wapi. Mimi niliilaumu Proton kwa miezi kadhaa, na katika vyanzo vinne nilivyokuja kuvigundua, ni kimoja tu kilichohusiana moja kwa moja na kazi yake.

Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, iliitoa Proton mwezi Agosti 2018, ikiwa imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Wine haiigi kompyuta nzima. Hupokea maombi ambayo mchezo unadhani unaipelekea Windows, ikayageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa. Upande wa picha, michezo ya Windows huchora kwa Direct3D, lugha ya picha ya Windows: DXVK hushughulikia matoleo ya 8 hadi 11 na VKD3D-Proton hushughulikia la 12, na zote mbili humwaga kazi yao kwenye Vulkan, lugha ya picha ambayo Linux inaielewa. Baada ya Vulkan inabaki draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na hapo ndipo tatizo langu la kwanza lilipokuwa limejificha.

Lilinichanganya kwa sababu lilikuwa kinyume cha matarajio. Mchezo mpya wenye mandhari nzito ulikwenda kwa fremu (picha moja moja) 58 kwa sekunde, ilhali mchezo mkongwe, ambao kompyuta za enzi zake ziliumudu bila jasho, ulijikongoja kwa fremu 9. Niliongeza DXVK_HUD=devinfo,fps kwenye amri ya kuuwashia mchezo ule, na kwenye kona ya skrini likajitokeza jina la kifaa kinachochora: llvmpipe. Hilo si jina la kadi yoyote, bali ni programu inayochora picha kwa kukitwisha mzigo kichakataji pale kadi isipopatikana. Mchezo ule ni wa biti 32, nami nilikuwa nimesakinisha draiva ya kadi kwa upande wa biti 64 pekee, kwa hiyo machoni pa mchezo ule kompyuta yangu haikuwa na kadi kabisa. Nilipoongeza maktaba za biti 32 za toleo lile lile la draiva na kuwasha kompyuta upya, fremu zilipanda hadi kikomo cha skrini. Ukiona mchezo wa kale unakwenda polepole kuliko mchezo wa jana, anzia hapo.

Ni aibu kusema, lakini kabla ya kufikiria kutazama jina la kifaa nilikuwa nimepoteza wiki mbili nikinakili mistari ya amri za watu wengine. Mstari mmoja mrefu nilioubandika kwa kila mchezo ulikuwa na PROTON_USE_WINED3D=1, ambayo huiweka DXVK kando na kuirudisha kazi ya picha kwenye njia ya zamani ya OpenGL, lugha ya picha iliyoitangulia Vulkan; nilikuwa nimejifunga jiwe mguuni huku nikilalamika kwamba mlima ni mkali. Ndani yake mlikuwa pia na DXVK_ASYNC, amri ambayo toleo la kawaida la DXVK haliitambui hata kidogo. Niliufuta mstari wote.

Mchezo mpya nao haukuwa salama. Wastani wa fremu 58 ulisomeka vizuri, lakini kila nilipogeuka ghafla au adui mpya alipojitokeza, picha iliganda kwa kitambo kidogo kama mtu aliyeshikwa na kwikwi katikati ya sentensi. Hapa ndipo MangoHud, programu inayoonyesha vipimo juu ya mchezo, ilipothibitisha thamani yake, kwa sababu pamoja na idadi ya fremu huonyesha mchoro wa muda ambao kila fremu moja imechukua. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7, kwangu mstari ulikuwa umetulia hapo, kisha ukaruka hadi 140 na kurudi. Mruko mmoja wa namna hiyo ndani ya sekunde kumi hauugusi wastani, ilhali jicho huuona mara moja. Tangu siku hiyo siuamini wastani wa fremu unaotajwa peke yake.

Miruko ile ilikuwa ya aina mbili, na ilinichukua muda kulitambua hilo kwa kuwa kwa macho zilifanana. Aina ya kwanza ilitokana na sheda, zile programu ndogo zinazoielekeza kadi jinsi ya kuchora mwanga, maji au ngozi. Mchezo huja na sheda zilizoandaliwa kwa ajili ya Direct3D. Lazima zigeuzwe ziwe za Vulkan, kisha draiva izigeuze tena kuwa lugha ya kadi yenyewe, na kazi hiyo ikifanyika katikati ya mapambano, fremu husubiri. DXVK 2.0, iliyotoka Novemba 2022, ilileta njia ya kuandaa sehemu kubwa ya kazi hiyo mapema wakati mchezo unapopakia, mradi draiva iweze kuikubali. Steam nayo inaweza kupakua sheda zilizokwisha kuandaliwa na kuzishughulikia kabla ya mchezo kuwaka, lakini mimi nilikuwa nimeizima huduma hiyo ili kuokoa nafasi kwenye diski. Niliiwasha, nikasasisha draiva, na zaidi ya nusu ya miruko ikatoweka.

Iliyobaki niliitenga kwa jaribio rahisi ambalo bado ninalitumia: nilipita kwenye uchochoro ule ule mara tatu mfululizo. Kwikwi ya sheda hutokea mara ya kwanza kisha hunyamaza, kwa kuwa matokeo huhifadhiwa. Yangu ilirudi kila nilipoingia eneo lililohitaji kusomwa kutoka kwenye diski, na nilipofungua top, orodha ya programu zinazoendelea, pembeni, nikaiona mount.ntfs ikila kichakataji kwa pupa wakati huo huo. Michezo yangu ilikuwa bado kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, niliyoirithi kutoka siku za Windows, ikisomwa kupitia ntfs-3g, ambayo hufanya kazi nje ya keneli (kiini cha Linux) na kwa hiyo huongeza safari kwa kila ombi. Tena, NTFS haikuwa makao mema kwa Proton hata bila hilo, kwani folda ambamo Proton huiigiza diski ya Windows huwa na kiungo chenye jina la c:, na Windows yenyewe hairuhusu nukta mbili katika jina la faili. Nilinakili kila kitu, nikaiumbiza diski kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux, nikairudisha michezo. Uchochoro ukawa laini.

Chanzo cha nne kilikuwa kidogo: kichakataji kilikuwa kimewekwa katika hali ya kuokoa umeme, na GameMode, programu ya kuitayarisha kompyuta kwa mchezo, ilikibadilisha mchezo ulipowaka. Nilijaribu pia ntsync, njia ya kuharakisha namna sehemu za mchezo zinavyosubiriana, iliyoingia rasmi katika Linux 6.14 mwezi Machi 2025, nikitarajia makubwa. Kwenye michezo yangu sikuona tofauti na fsync, njia ya awali ya kazi hiyo hiyo, niliyokuwa nayo tayari.

Kwa sasa ninao mchezo mmoja tu wa Direct3D 12 usiotulia ninapowasha ufuatiliaji wa miale ya mwanga, kwa hiyo ninaucheza bila huo. Kwenye michezo mingine yote, kisanduku cha amri kilichowahi kubeba mstari ule mrefu wa kunakili sasa kina maneno matatu: gamemoderun mangohud %command%.