Chumba chenye roshani kwenye meli ya kitalii: kipi cha kulipia na kipi cha kuacha

Makampuni ya meli za kitalii huuza vyumba katika mafungu manne: vya ndani visivyo na dirisha, vya nje vyenye dirisha lisilofunguka, vyenye roshani, na vile vya daraja la juu ambavyo mwongozo huu hautavigusa. Fungu la tatu ndilo linalowachanganya wanunuzi wengi, kwa sababu ndani yake kampuni moja huweza kupanga ngazi nyingi za bei zinazotambulishwa kwa herufi na tarakimu tu, ilhali vyumba vyenyewe vinafanana karibu kila kitu: kitanda, kochi, bafu dogo, mlango wa kioo, na nje yake nafasi inayotosha viti viwili na meza ndogo. Kinachotofautiana ni mahali chumba kilipo melini na kilichokizunguka juu, chini na ubavuni. Ndiyo maana mnunuzi anayesoma ramani ya sitaha, yaani ya ghorofa za meli, kwa makini mara nyingi hupata chumba kizuri kuliko yule aliyelipia ngazi ya juu kwa kuamini kwamba bei imekwisha kumchagulia.

Hata hivyo, kabla ya kulinganisha vyumba ni vema kuipima safari yenyewe, kwa kuwa roshani hufaa zaidi pale meli inapopita karibu na nchi kavu wakati wa mchana. Alaska ni mfano ulio wazi: meli inapoingia Glacier Bay husimama mbele ya mto wa barafu wa Margerie na kugeuka polepole ili abiria wa pande zote mbili wauone, na mwenye roshani huutazama akiwa na blanketi na kikombe cha chai bila kugombea nafasi kwenye sitaha ya wazi. Norway nayo ni hivyo hivyo, hasa fiodi (mkono mwembamba wa bahari) ya Geirangerfjord, ambako meli huingia na kutoka kwa njia ileile katikati ya milima. Katika safari hizo mbili, mwenye uwezo asiikose roshani. Safari ya wiki moja ya Mediterania inayoanzia Barcelona na kupita bandari kama Marseille, Genoa na Naples ni jambo jingine, kwa maana meli husafiri zaidi usiku na mchana abiria huwa mjini, kiasi kwamba roshani hutumika alfajiri meli inapoingia bandarini na jioni inapong'oa nanga. Mizunguko ya Ghuba inayoanzia Dubai au Doha katika miezi ya baridi inafanana na hiyo, ingawa jioni za huko wakati huo zina hewa nzuri ya kukaa nje. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki anayepandia Durban kwenda Pomene, Msumbiji, roshani ina maana zaidi kuliko Mediterania, kwa sababu safari hiyo ina saa nyingi za mchana zinazopitia baharini.

Nafasi ya kwanza: katikati ya meli, vyumba juu na vyumba chini

Chumba ninachokiweka mbele ya vingine vyote ni kile cha kawaida kabisa, kilichopo katikati ya urefu wa meli, kwenye sitaha za katikati, ambacho juu yake kuna vyumba vya abiria na chini yake pia. Sababu ya kwanza ni mwendo wa bahari. Meli inapokata mawimbi, omo (mbele ya meli) huinuka na tezi (nyuma yake) kushuka, kisha kinyume chake, kama pembea ya ubao ambayo anayekaa katikati hasogei sana. Meli pia hulala ubavu kwa ubavu, na mwendo huo huongezeka kadiri chumba kinavyokuwa juu. Kwa hiyo dhana iliyoenea kwamba sitaha ya juu ndiyo bora inafaa kwa mtazamo tu, na kwa mtu anayesumbuliwa na kichefuchefu inaweza kumharibia safari nzima.

Sababu ya pili ni kelele, na hapa ndipo ramani ya sitaha inapolipa. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea kitakuwa na sauti ya viti vinavyoburutwa tangu alfajiri wahudumu wanapovipanga. Kilicho chini ya jiko au mkahawa mkubwa kitasikia mikokoteni ya vyombo usiku wa manane, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitatetemeka hadi ukumbi ufungwe. Sehemu nyeupe isiyo na maandishi kwenye ramani isikupumbaze, kwa kuwa mara nyingi ni jiko, ghala au chumba cha mitambo ambacho kampuni haikuona haja ya kukiandika. Ukaribu na lifti una faida kwa wazee, lakini vyumba vitatu au vinne mbali nazo vinatosha. Kinachotazama mlango wa lifti uso kwa uso ni cha kuepuka. Epuka pia chumba chenye mlango wa ndani unaokiunganisha na cha jirani, isipokuwa jirani huyo ni wa familia yako, kwa sababu mlango huo huzuia sauti kidogo sana kuliko ukuta.

Baadhi ya meli, zikiwamo za kundi la Solstice za Celebrity Cruises, zina ubavu unaochomoza kidogo katikati, na roshani zilizopo pale chomozo linapoanza au kuishia hukaa kwa mshazari na kuona mbali zaidi mbele au nyuma. Ukizikuta kwa bei ileile, chukua bila kusita.

Nafasi ya pili: tezi

Roshani zinazotazama nyuma ya meli zina wapenzi wao wasiokubali kubadilishwa, nao wana hoja. Mtazamo ni mpana pande zote mbili, upepo wa mwendo hauwafikii moja kwa moja, na mkondo mweupe wa mapovu unaofuata meli hautulii hata kidogo. Katika fiodi na katika barafu, hapa pengine pangekuwa nafasi ya kwanza. Kwa kuwa tezi ya meli nyingi imejengwa kwa ngazi, roshani za sitaha za chini upande huo mara nyingi huwa na kina kikubwa kuliko za ubavuni, na hutosha hata kiti cha kujinyoosha.

Ngazi hizo hizo, hata hivyo, huwapa abiria wa juu nafasi ya kuona moja kwa moja roshani za chini yao. Mama au binti anayevaa hijabu na anayetarajia kupumzika nje bila kujifunika atapata faragha zaidi kwenye roshani ya ubavuni iliyofunikwa kabisa na sakafu ya roshani ya juu yake. Mtetemo wa injini na rafadha (panga zinazoisukuma meli) husikika zaidi nyuma, hasa meli inapoegesha, na mwendo wa kutoka tezi hadi ukumbi wa maonyesho ulioko omo ni mrefu kwa mtu mwenye maumivu ya magoti.

Nafasi ya tatu: roshani iliyochimbwa ndani ya ubavu

Meli chache zina roshani zilizokatwa ndani ya bamba la chuma la ubavu, karibu zaidi na maji, zenye ukuta wa chuma mahali pa kioo. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004 na inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa usiku saba, inazo nyingi, na kwa bahari ile uamuzi huo wa wajenzi ulikuwa wa busara, kwani roshani ya kioo iliyoko juu haikaliki upepo wa Atlantiki ya kaskazini unapovuma. Meli kadhaa za Carnival nazo zina za namna hii kwenye sitaha ya chini. Kivuli chake ni kizuri, faragha yake ni kubwa, na sauti ya maji iko karibu. Kasoro ni kwamba ukiwa umeketi huoni bahari kwa sababu ya ukuta, mpaka usimame, na bahari ikichafuka wahudumu huweza kukufungia mlango. Kwa familia yenye watoto wadogo, ukuta huo wa chuma usio na mahali pa kukanyaga ni sababu ya kutosha ya kuipandisha nafasi hii juu ya tezi.

Nafasi ya nne: roshani yenye kizuizi

Hizi ndizo roshani ambazo mbele yake kuna mashua za kuokolea, na kampuni huziuza kwa bei ya chini ikikiri waziwazi kwamba mtazamo umezibwa kwa kiasi fulani. Neno hilo "kiasi" lina upana mkubwa. Katika meli fulani mashua huning'inia chini ya usawa wa roshani, hivyo unaona paa la rangi ya chungwa ukiinama na bahari nzima ukitazama mbele. Katika nyingine mashua imesimama mbele ya uso wako na umenunua mwanga wa jua tu. Abiria waliotangulia huweka picha mtandaoni wakitaja namba za vyumba, na dakika chache za kuzitafuta huweza kukuokolea fedha nyingi. Kwa mwenye bajeti finyu, chumba cha aina ya kwanza ndiyo nunuo bora kuliko yote katika mwongozo huu.

Zilizobaki

Kwenye Celebrity Edge ya mwaka 2018 na meli dada zake, roshani ya kawaida imebadilishwa kwa dirisha kubwa ambalo nusu yake ya juu hushuka ukibonyeza kitufe. Chumba huwa kikubwa zaidi, lakini wanaoongoza meli wanaweza kulifunga dirisha hilo wenyewe hali ya hewa ikiharibika, na anayetaka kutoka nje na kufunga mlango nyuma yake hatalipata hilo.

Royal Caribbean nayo, tangu Oasis of the Seas ilipoanza safari mwaka 2009, ina roshani zinazotazama ndani ya meli, juu ya bustani au juu ya uwanja wa burudani. Bustani inapendeza. Bahari haionekani kutoka nyingi ya roshani hizo, majirani wa ng'ambo wanakuona pazia likiwa wazi, na upande wa burudani kelele hudumu hadi usiku. Sioni kwa nini mtu alipie safari ya baharini kisha akodi mtazamo wa ua, isipokuwa tofauti ya bei na chumba cha ndani iwe ndogo sana.

Mwisho kabisa ni omo, sitaha za juu. Upepo, mawimbi na, kwa sitaha za chini za upande huo, mnyororo wa nanga vyote viko hapo. Ukinunua chumba ambacho kampuni itakuchagulia yenyewe, kwa bei nafuu, ujue kwamba unaweza kutupwa huko.

Upande upi wa meli

Swali hili lina uzito zaidi katika safari ya njia moja. Meli inayotoka Vancouver kwenda Seward au Whittier ina nchi kavu ya Alaska upande wa kulia, na inayorudi kusini ina nchi kavu kushoto. Inayotoka Durban kuelekea Pomene hupata jua la asubuhi kulia na la alasiri kushoto, na kurudi ni kinyume. Anayevuka Atlantiki kwenda New York na anapenda jua achukue kushoto. Katika mizunguko ya Mediterania na Ghuba, usipoteze muda kwa jambo hili.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Familia iliyochukua vyumba viwili au vitatu vilivyofuatana iulize kama kizigeu cha kati ya roshani hufunguliwa, kwani katika meli nyingi mhudumu wa chumba hukifungua kwa ufunguo na roshani zikawa ukumbi mmoja wa kukaa pamoja. Uliza pia kama kiyoyozi huzimika mlango wa roshani ukiwa wazi, jambo la kawaida kwenye meli mpya na la kukera katika unyevu wa Ghuba.

Uvutaji wa sigara una historia yake. Tarehe 23 Machi 2006 moto ulizuka kwenye roshani ya Star Princess katika bahari ya Karibi, chanzo kikidhaniwa kuwa kipande cha sigara, na abiria mmoja alifariki. Moto ulisambaa kwa sababu vizigeu na samani za roshani zilikuwa za plastiki, na baadaye sheria za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa ili vifaa vya roshani visiwe vya kuwaka kirahisi. Makampuni mengi ya Marekani yamepiga marufuku kuvuta sigara kwenye roshani na hutoza faini. Baadhi ya yale ya Ulaya bado huruhusu, na asiyevumilia moshi wa jirani anapaswa kujua hilo mapema.

Bei inayotangazwa ni ya kila mtu kwa kuchukulia kwamba chumba kina watu wawili, hivyo anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili. Juu yake kuna ada ya huduma ya kila siku, ambayo kwenye makampuni mengi ya Marekani huzunguka dola 15 hadi 20 kwa kila mtu. Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa miezi mitatu hivi kabla ya safari, na mpaka siku hiyo mnunuzi ana nguvu: bei ikishuka, au chumba cha katikati kikiachwa wazi na mwingine, piga simu na uombe kubadilishiwa, ukitaja namba ya chumba unachokitaka.