Find My ya Apple: wiki sita baada ya simu yangu kunyakuliwa Haile Selassie

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market, na simu ndiyo ilikuwa daftari langu la kazi. Picha za mitindo, nani amelipa nusu kwa ajili ya Jumamosi, nani kichwa chake hakivumilii kuvutwa. iPhone 11 nyekundu, niliinunua ikiwa imeshatumika. Jioni moja tulikwama kwenye foleni ya barabara ya Haile Selassie, Nairobi, dirisha la matatu liko wazi, mkono ukaingia ukatoka nayo. Uso wa mwenye mkono sikuuona.

Laini kwanza. Nilimwomba abiria mwenzangu simu yake nikapiga laini yangu ifungwe, kwa sababu ya M-Pesa. Kesho yake nilienda kituo cha polisi nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, nikawaachia na IMEI, zile tarakimu 15 zilizoko kwenye boksi la simu. Kwa hivyo msitupe maboksi.

Sasa huduma yenyewe, Find My, inayomwonyesha mwenye iPhone simu yake iko wapi kwenye ramani na kumwezesha kuifunga akiwa mbali. Usiku ule, kwenye simu ya msichana ninayemfundisha kazi, niliandika icloud.com/find, ukurasa wa Apple wenyewe. Nilikuwa na hofu kwamba nitadaiwa zile tarakimu sita za kuthibitisha, ambazo zingetumwa kwenye simu ileile iliyoibwa. Ukurasa ule haukuzidai. Barua pepe na paswadi, ramani ikafunguka, na nukta yangu ilikuwa River Road. Hapo nawapa alama zote. Mtu aliyeutengeneza alimkumbuka mwenye simu moja tu.

Nikaitangaza simu imepotea. Skrini inafungwa, halafu unaulizwa ujumbe wa kumwonyesha atakayeiokota na namba ya kupigiwa. Yangu ilikuwa bado imefungwa, nikaandika ya msichana.

Kisha kuna kufuli, na hili wengi wanaonunua iPhone hawalijui. Tangu mwaka 2013, simu iliyowashwa Find My ikifutwa kila kitu bado inadai paswadi ya mwenyewe kabla ya kuanza kutumika. Aliye nayo anaweza kuuza kioo na kamera. Lakini simu nzima inayofanya kazi ina bei nyingine kabisa, na kinachomzuia kuifikia bei hiyo ni maneno yaliyo kichwani mwangu. Wakati ule sikuwa nimeliwaza hilo. Nilidhani mwizi na mimi tumeshamalizana.

Siku ya nne niko na mteja, mistari imefika nusu kichwa, simu ya msichana ikalia. Meseji ya Kiingereza safi: mteja wetu mpendwa, iPhone 11 yako nyekundu imeonekana, gusa hapa uone ilipo. Niliacha kichana kwenye nywele za mtu. Tulipogusa ile linki ulitokea ukurasa wenye tufaha la kijivu, ramani yenye ukungu kwa nyuma, na kisanduku cha kuingilia kama kile nilichokitumia usiku ule. Barua pepe nikaiandika. Paswadi nikaianza, herufi nne.

"Anti, hebu ngoja," msichana akasema. "Hii meseji imeniita mimi mteja. Mimi nimekuwa mteja wao lini?"

Yeye ana Tecno. iPhone hajawahi kuwa nayo, na namba yake haiko popote kwenye akaunti yangu. Nilikuwa nimeiandika mahali pamoja tu: kwenye skrini ya simu iliyoibwa. Basi aliyetuma ile meseji alikuwa ameishika simu yangu mkononi akisoma namba kwenye kioo, au ameipata kwa aliyeishika. Rangi aliijua kwa sababu alikuwa anaiona.

Tuliitazama anwani pamoja, polepole. Ilianza kwa neno icloud, ndiyo, lakini baada yake kulikuwa na kistari, neno jingine, na mwisho usiokuwa .com. Isomeni anwani hadi kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, na jina lililo karibu na mkwaju huo ndilo la mwenye nyumba. Neno la mbele kila mtu anaweza kulipaka. Mimi siku hizi sigusi kabisa, naandika icloud.com kwa mkono wangu.

Hawakuchoka. Wiki iliyofuata alipiga mwanamume mpole, akasema ni fundi wa kampuni na anaomba tarakimu za kufungulia skrini ili "akamilishe kunirudishia". Kisha zikaja meseji za vitisho: nisipoiondoa simu kwenye akaunti yangu, picha zangu zote zitauzwa. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Mle mna picha za wateja, mna watoto wao. Nilikaribia kuiondoa. Kilichonizuia ni kufikiri kidogo tu: kama angekuwa ameshaingia mle ndani, angeniomba nini? Picha ziko nyuma ya namba yangu ya siri, na namba hiyo sijampa mtu.

Kwa Find My natoa nyota nne kati ya tano. Ramani ilifanya kazi, kufuli limefanya kazi hata leo. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya ile namba ya kwenye skrini. Inamfikia msamaria mwema na inamfikia mwizi vilevile, na wewe unaijaza saa ambayo mikono inatetemeka na uko tayari kuamini chochote. Ukiweka namba ya mama yako au ya mtoto, mpigie kabla hujalala, umwambie atatumiwa linki na asiguse.

Nilinunua nyingine mwezi uliopita, na kitu cha kwanza nilichokiwasha ni Find My. Msichana bado anapata zile meseji. Ya mwisho ilikuja Jumanne, safari hii kwa Kiswahili kibovu. Ile nyekundu iko kwenye orodha ya vifaa vyangu, nukta yake haionekani tena tangu wiki ya pili. Kubonyeza kuiondoa ni kumfungulia kufuli, kwa hivyo nimeiacha palepale.